Pamba Pangoni: Tafakari juu ya Siku Iliyo Fupi Kuliko Zote



Wapendwa taifa la Mungu, kila Desemba vijana wetu wanapotengeneza pango la Noeli kanisani, huleta fungu la pamba, wakalichambua na kulitandaza juu ya paa la nyasi na kuzunguka hori la Mtoto Yesu. Pamba hiyo husimama mahali pa theluji. Hakuna hata mmoja miongoni mwao aliyewahi kuiona theluji, wala wazazi wao hawajaiona. Pamba yenyewe ilichumwa katikati ya mwaka, wakati wa kiangazi, katika mashamba ya Magu, Kwimba na Misungwi, kwa mikono ya mama zao. Desemba iliyopita mtoto mmoja wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza alisimama mbele ya pango akatuuliza: "Padre, kwa nini Yesu alizaliwa kwenye pamba?"

Tulicheka, naye akacheka. Lakini swali lake halikutuacha, na juma hili tumeona vema kulirudia, kwa maana tumefikia siku ambazo kwetu sisi, tunaoishi kusini mwa Ikweta, ndizo fupi kuliko zote katika mwaka. Tunaomba tutembee pamoja katika historia, kisha tuulize: mwanga tunaouadhimisha katika Kanisa ni mwanga gani, na giza tunaloogopa ni giza lipi?

Tuanze na jua lenyewe. Katika mwendo wa mwaka, jua huonekana kusafiri kuelekea kaskazini hadi tarehe 20 au 21 Juni, likafika mwisho wa safari yake, likageuka; kisha husafiri kuelekea kusini hadi tarehe 21 au 22 Desemba, likageuka tena. Wataalamu huliita geuko hilo solistasi. Katika nchi za kaskazini, geuko la Desemba ndilo linaloleta siku fupi kuliko zote. Mjini London mchana wa siku hiyo haufiki saa 8, na mjini Roma huwa wa saa 9 na dakika chache tu. Mtu aliyeishi huko zamani, bila taa ya umeme, akiwa na akiba ndogo ya nafaka na mifugo iliyofungiwa zizini, aliliona jua likipungua siku hata siku, akaingiwa na hofu. Jua lilipogeuka alifurahi kama mtu aliyeahirishiwa kifo. Ndiyo maana watu wa kaskazini waliwasha moto, wakapamba nyumba zao kwa matawi yasiyokauka, wakala na kunywa pamoja.

Je, sisi wa Mwanza? Mji wetu uko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 2 na nusu tu. Siku yetu fupi kuliko zote huangukia Juni, na mchana wake huwa na urefu wa kama saa 11 na dakika 59. Siku yetu ndefu kuliko zote huangukia Desemba, na mchana wake ni kama saa 12 na dakika 16. Tofauti kati ya hizo mbili ni kama dakika 17, yaani muda ambao mama hutumia kuchemsha chai ya asubuhi. Hata wale wanaohudhuria Misa ya kwanza ya alfajiri, wakiona kwamba katika majira fulani jua huchelewa kuchomoza, hawaoni urefu wala ufupi wa siku. Mwanzoni mwa Novemba jua letu huchomoza kama saa 12 na dakika 25 asubuhi, na katikati ya Februari kama saa 12 na dakika 55. Hilo hutokea kwa sababu saa zetu hufuata wastani wa mwaka, ilhali mwendo wa dunia kulizunguka jua haulingani mwaka mzima. Kwa ufupi, hapa ziwani siku iliyo fupi kuliko zote hupita bila kubisha hodi.

Sasa turudi Roma, tuone jinsi Noeli ilivyopata tarehe yake. Katika kalenda iliyowekwa na Julius Caesar, tarehe 25 Desemba ilihesabiwa kuwa siku ya geuko la jua. Mwaka 274 Kaisari Aurelian aliweka wakfu hekalu mjini Roma kwa heshima ya mungu aliyeitwa Jua Lisiloshindwa. Hati ya kale ya Kirumi, iliyokusanywa mwaka 354, inaitaja tarehe 25 Desemba kwa namna mbili: mahali pamoja kama siku ya kuzaliwa kwake Asiyeshindwa, na mahali pengine kama siku Kristo alipozaliwa Bethlehemu ya Yudea. Baadhi ya wanahistoria husema Kanisa liliichukua siku ile ya jua na kuipa maana mpya. Wengine husema Wakristo walikwisha kuamini kwamba Bwana alitungwa mimba tarehe 25 Machi, nao wakahesabu miezi 9 mbele wakafika 25 Desemba. Hatuna haja ya kuamua kati yao. Lililo wazi ni kwamba Wakristo wa Roma waliishi katika nchi yenye baridi na giza la Desemba, wakaona kwamba siku ile mwanga unapoanza kuongezeka inafaa kumtangaza Yeye aliye Mwanga wa ulimwengu.

Lakini tazameni jinsi Mababa wa Kanisa walivyokuwa waangalifu. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo, Mwafrika mwenzetu wa kaskazini aliyefariki mwaka 430, aliwafundisha waamini wake kwamba Wakristo hawaadhimishi siku hiyo kwa ajili ya jua linaloonekana, bali kwa ajili ya Yule aliyeliumba jua. Baadaye Papa Leo Mkuu, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 440 hadi 461, aliwakemea waamini waliopanda ngazi za Basilika ya Mtakatifu Petro, na kabla ya kuingia wakageuka kuliinamia jua lililokuwa likichomoza. Basi ishara ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na hatari yake, maana watu wangeweza kubaki na ishara wakamsahau Mwenye ishara.

Augustino aliona jambo lingine. Injili ya Luka inatuambia kwamba Malaika Gabrieli alipomjia Bikira Maria, Elizabeti alikuwa katika mwezi wake wa sita. Hivyo Kanisa huadhimisha kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, miezi 6 kabla ya Noeli. Huko kaskazini tarehe hiyo huja mara tu siku zinapoanza kupungua, kama Noeli inavyokuja siku zinapoanza kuongezeka. Augustino akasema kwamba hata mbingu zinashuhudia maneno ya Yohane mwenyewe, kwamba imempasa Kristo kuzidi naye kupungua.

Kwetu Mwanza ishara hiyo imepinduka. Yohane huzaliwa siku zetu zinapoanza kurefuka, na Bwana huzaliwa zinapoanza kupungua. Je, Injili imepinduka? La hasha! Ukweli wa Yohane na wa Bwana wake ni uleule; ishara tu ndiyo ya mahali. Anayeshikilia ishara ya mahali pengine kana kwamba ndiyo imani yenyewe atafika siku moja aamini kwamba Yesu alizaliwa kwenye pamba.

Imani hiyo ilifikaje hapa? Mwishoni mwa mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, ulifika Kageye, kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa, baada ya miezi mingi ya mwendo kutoka Bagamoyo. Kutoka huko Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans walisafiri ziwani kwa mtumbwi, na tarehe 17 Februari 1879 wakashuka Kigungu, karibu na Entebbe, jirani kabisa na mstari wa Ikweta. Mwaka 1882 wamisionari waliondoka Buganda wakarudi upande wetu wa kusini, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi, ambayo Jimbo Kuu la Mwanza linaiheshimu kama mama. Watu hao walibeba kalenda ya Kanisa pamoja na picha za nchi walikozaliwa. Hatuwalaumu. Mtu huisimulia furaha yake kwa lugha ya nyumbani kwao, na wengi wao waliizikia miili yao hapa. Lakini kalenda yao ilikuwa na alama za baridi, nayo ilifika katika nchi ambayo Desemba ni mwezi wa mvua na wa jembe.

Je, wazee wetu hawakuwa na saa yao? Walikuwa nayo, tena imeandikwa katika lugha yao. Kwa Kisukuma, mashariki ni kiya, magharibi ni ng'weli, kusini ni dakama, na kaskazini ni sukuma. Jina la Wasukuma lenyewe maana yake ni watu wa kaskazini. Mtu akisimama uwanjani saa 7 mchana mwezi wa Juni, kivuli chake huelekea dakama. Mwezi wa Desemba huelekea sukuma. Juu mbinguni kipo Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, ambalo jina lake latokana na kulima. Jina la ukoo huohuo limeenea kwa Wabantu hadi Afrika ya Kusini, ambako Waxhosa na Wazulu huliita isiLimela. Katika Mei Kilimia hupotea katika mwanga wa jua, na katika Juni huonekana tena upande wa mashariki kabla ya mapambazuko. Inapofika Novemba, mvua za vuli zinaponyesha, huchomoza jioni na kukaa angani usiku kucha.

Hivyo hofu ya mkulima wa Usukuma haikuwa kwamba jua halitarudi. Jua alikuwa nalo la kutosha, hata la kuzidi. Hofu yake ilikuwa kwamba mvua haitarudi. Mtemi aliheshimiwa au kufukuzwa kwa kadiri mvua ilivyonyesha au ilivyokataa. Na furaha yake kubwa ya mwaka haikuwa katika Desemba, bali baada ya mavuno, tangu Juni hadi Agosti, wakati maghala yamejaa na majembe yamepumzika. Hapo ndipo ngoma zilipolia. Tangu karne ya 19 vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vimeshindana mbele ya umati, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi zaidi. Siku fupi kuliko zote ilipita katikati ya shangwe hiyo, bila mtu kuihesabu.

Kanisa lingeweza kuipinga shangwe hiyo, na kwa muda mrefu lilisita mbele yake, hasa kwa sababu ya dawa za mvuto zilizotumika katika mashindano. Lakini katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alichukua njia nyingine katika parokia ya Bujora, karibu na Kisesa, kilomita kama 20 kutoka mjini Mwanza. Pamoja na waamini Wasukuma alijenga kanisa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya msonge, akaanza kukusanya vitu na masimulizi ambayo leo yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Wasukuma. Ndipo ikazaliwa sikukuu ya bulabo. Neno hilo kwa Kisukuma maana yake ni maua, kwa sababu maua yalitapanywa njiani siku ya maandamano ya Ekaristi Takatifu, katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Baada ya maandamano, Bagika na Bagalu huingia uwanjani, na wachezaji wa bugobogobo huyarusha majembe yao juu kwa mdundo wa ngoma kubwa.

Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo hufuata tarehe ya Pasaka, nayo huangukia kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Juni. Basi oneni ajabu hii: bila mtu yeyote kupiga hesabu ya nyota, sisi wa ufuko huu tunayo sikukuu ya Kikristo inayokuja karibu na siku yetu fupi kuliko zote. Haiadhimishi kurudi kwa jua. Yaadhimisha mkate, mavuno, na Bwana anayepita katikati ya mashamba yetu juu ya maua. Lile ambalo Roma ilifanya kwa jua lake, Bujora ilifanya kwa jembe lake.

Linabaki swali la pili: giza letu ni lipi? Giza la usiku hatuliogopi. Wavuvi wa dagaa hulipenda, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Mwezi unapokuwa mpevu wao hupumzika na kushona nyavu. Mtu akisimama kilimani usiku wa giza akitazama Ziwa, huona taa zao zimetapakaa kama mji uliojengwa juu ya maji.

Giza letu liko ndani ya nchi kavu. Kwa miongo mingi, katika vijiji vya Kanda hii ya Ziwa, akina bibi wazee wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu; macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia watoto na wajukuu wao maisha yao yote. Tangu mwaka 2007 tumesikia pia habari za kutisha za ndugu zetu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, kwa sababu watu fulani waliamini kwamba viungo hivyo huleta utajiri. Waliofanya hivyo hawakuwa wageni. Baadhi yao walibatizwa. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya kukuza uelewa juu ya ualbino, nayo huja siku chache tu kabla ya siku yetu fupi kuliko zote. Tena, ndugu hao wanatufundisha jambo ambalo Augustino alilisema kwa namna nyingine. Kwao jua lenyewe ni hatari, kwa maana huwaunguza na kuwaletea saratani ya ngozi. Wanahitaji kivuli, kofia pana na nguo za mikono mirefu. Mwanga wanaoungojea kutoka kwetu sio ule wa angani.

Kwa hiyo, wapendwa, tunapendekeza jambo dogo. Huko Ulaya watu huwasha moto mkubwa usiku wa tarehe 23 Juni, mkesha wa Yohane Mbatizaji, na kitabu cha kale cha ibada cha Kanisa la Roma kinayo sala ya kuubariki moto huo. Wasukuma nao wanao moto wao, shikome, ule unaowashwa jioni uwanjani, ambapo wazee huwafundisha vijana habari za ukoo, mifugo na utu. Siku hizi katika nyumba nyingi shikome imezimika, na mahali pake pamechukuliwa na televisheni na simu. Je, haingefaa kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo iiwashe tena usiku huo mmoja? Isomwe Injili ya kuzaliwa kwa Yohane. Yaletwe mahindi mapya na viazi vya kuchoma. Ndipo wazee wasimulie, si wanaume peke yao kama ilivyokuwa zamani, bali na akina bibi pia.

Na hapa tuseme wazi lililo moyoni mwetu. Katika kila mtaa yupo bibi mmoja ambaye watu humnong'ona. Kila mmoja wetu anamjua aliye jirani naye. Usiku huo aende kijana wa jumuiya akamwite kwa heshima: "Shikamoo bibi, tumekuja kukuchukua twende tukaote moto pamoja." Aketishwe mbele, mahali pa mkubwa, watoto wakimwona. Vivyo hivyo aitwe mtoto mwenye ualbino na wazazi wake, waketi katikati yetu. Anayemnong'ona mtu gizani huona haya kufanya hivyo anapoketi naye mbele ya moto uleule. Kama jumuiya 10 zikifanya hivyo, tutakuwa tumeadhimisha siku iliyo fupi kuliko zote vizuri kuliko kwa mapambo yoyote.

Na yule mtoto wa Komunyo ya Kwanza tulimjibuje? Tulimwambia kwamba Yesu alizaliwa horini, penye nyasi za mifugo, na kwamba pamba ile tumeiweka kwa sababu ndicho kitu cheupe na laini kuliko vyote ambavyo mama yake ameweza kukipata shambani. Akaridhika. Kuanzia Desemba ijayo pamba itaendelea kuwekwa pangoni, lakini itawekwa ndani ya kikapu, miguuni pa Mtoto, pamoja na mahindi na mtama, iwe zawadi ya wakulima wa Usukuma. Haitakuwa theluji tena.

Tunawatakieni nyote maandalizi mema ya Sherehe ya Kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji. Mwenyezi Mungu awabariki, alinde nyumba zenu, na kuwaangazia wote waketio katika giza. Amina.